Kivinjari kikigoma kufungua tovuti: usiizime ngome, tafuta kanuni iliyokizuia

Kompyuta inaonyesha kuwa imeunganishwa na intaneti. Simu inayotumia mtandao huo huo inapokea ujumbe bila tatizo. Lakini kila tovuti unayoiita kwenye kompyuta inagoma kufunguka. Mara nyingi lawama huelekezwa kwa kampuni ya intaneti, kumbe aliyefunga njia yumo ndani ya kompyuta yenyewe: ni programu ya ulinzi iitwayo ngome, ambayo wengine huiita ukuta wa moto.

Jambo hili si dogo tena katika nchi za ukanda wetu. Nchini Rwanda, huduma nyingi za serikali huombwa kupitia mfumo wa Irembo. Nchini Kenya kuna eCitizen, na nchini Tanzania wanafunzi wa elimu ya juu huomba mikopo kwa njia ya mtandao. Kivinjari kikifungwa siku ya mwisho ya kupokea maombi, hasara yake ni cheti kilichochelewa au mwaka wa masomo uliopotea.

Katika haraka hiyo, dawa inayotumika sana ni kuizima ngome yote. Ukurasa unafunguka, maombi yanatumwa, kila mtu anashukuru. Hakuna anayekumbuka kuiwasha tena, na kompyuta inabaki wazi kwa miezi. Ikiwa ni kompyuta ya duka la intaneti, wateja wote wanaofuata huandika nywila zao kwenye mashine isiyo na mlinzi.

Kazi ya ngome

Ngome ni mfano wa bawabu mlangoni. Hukagua kila kinachotaka kuingia katika kompyuta kutoka mtandaoni na, ikipangwa hivyo, kila kinachotaka kutoka. Umuhimu wake ulionekana wazi mwezi Agosti mwaka 2003, wakati programu haribifu iliyoitwa Blaster ilipoenea duniani kwa kujipenyeza katika kompyuta za Windows kupitia mtandao, bila wenye kompyuta hizo kubonyeza chochote. Windows XP ilikuwa na ngome yake tangu ilipotoka mwaka 2001, lakini haikuwa imewashwa. Mwezi Agosti mwaka 2004, kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la Service Pack 2 lililoiwasha ngome hiyo bila kumsubiri mtumiaji.

Kwa kawaida ngome ya Windows huzuia yanayoingia bila kuitwa, na huruhusu yanayotoka. Kivinjari ndicho kinachoanza mazungumzo kwa kutoka kwenda kuiita tovuti, na majibu ya tovuti hiyo huruhusiwa kurudi. Kwa hiyo ngome hiyo haikizuii kivinjari mpaka mtu au programu nyingine iandike kanuni ya kukizuia.

Ngome zinazotengenezwa na kampuni nyingine, hasa zile zinazokuja pamoja na programu za kupambana na virusi, huweza kuwa kali zaidi. Baadhi yake huuliza kuhusu kila programu inayotaka kutoka, na hukumbuka jibu lililotolewa.

Kwa nini kivinjari huzuiwa

Sababu ya kwanza ni jibu la haraka. Kisanduku hutokea kikiuliza kama programu fulani iruhusiwe, na mtu aliyeshughulika na jambo jingine hubonyeza kukataa ili kiondoke. Ngome hulihifadhi jibu hilo kama amri ya kudumu.

Sababu ya pili ni sasisho. Baadhi ya ngome hukitambua kivinjari kwa mahali faili lake lilipo na kwa alama za faili lenyewe. Kivinjari kinapojisasisha, alama hizo hubadilika, na ngome humwona mwenyeji wa jana kuwa mgeni wa leo.

Sababu ya tatu ni kuwa na walinzi wawili. Programu ya ulinzi ambayo muda wake wa malipo umekwisha, au iliyoondolewa nusunusu, huweza kuacha mabaki yanayoendelea kuzuia njia ilhali mwenye kompyuta anadhani haipo tena.

Pima kabla ya kutibu

Kabla ya kubadili chochote, jaribu kivinjari kingine kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kikifanya kazi, intaneti haina kosa. Kizuizi kimewekwa kwa kile cha kwanza peke yake, ama katika ngome ama katika mipangilio yake chenyewe.

Vivinjari vyote vikigoma, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd katika sehemu ya kutafutia, kisha andika ping 1.1.1.1 na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Majibu yakirudi, njia ya kwenda nje ipo. Rudia kwa kutumia jina la tovuti badala ya namba. Ikiwa namba inajibu lakini kompyuta inasema jina halipatikani, tatizo lipo kwenye huduma inayogeuza majina kuwa namba, ambayo hupita katika mlango namba 53. Ikiwa jina nalo linatambuliwa lakini kurasa hazifunguki, chunguza milango namba 80 na 443 inayotumiwa na tovuti, na pia mipangilio ya proksi. Ikiwa hakuna kinachojibu kabisa, anza na muunganisho wenyewe: huenda bando limekwisha.

Onyo kwamba cheti cha usalama cha tovuti si halali ni suala tofauti. Tazama kwanza tarehe na saa ya kompyuta. Katika mashine kuukuu, betri ndogo ya saa ikifa, tarehe hurudi nyuma kwa miaka, na kivinjari hukataa vyeti vya tovuti zote salama.

Kuondoa kizuizi

Kama unatumia ngome ya kampuni nyingine, ifungue na utafute orodha ya programu. Tafuta jina la kivinjari na uufute mstari wake. Kisha kifunge kivinjari na ukifungue upya. Ngome ikiuliza tena, soma mahali faili lilipo kabla ya kujibu. Katika Windows, Firefox huwa ndani ya folda ya Program Files, kwa jina la firefox.exe, Chrome nayo kwa kawaida huwa humo, kwa jina la chrome.exe. Jina hilo likitokea katika folda ya faili za muda au ya vitu vilivyopakuliwa, kataa: programu haribifu hupenda kuvaa majina ya watu wema.

Kwa ngome ya Windows, shikilia kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika wf.msc, kisha ufungue orodha ya pili upande wa kushoto, ambayo ni ya kanuni za yanayotoka. Kanuni za kuzuia zina alama nyekundu. Ukiona yenye jina la kivinjari chako, izime kwanza, jaribu tovuti, na ikifunguka ndipo uifute. Kuongeza kanuni ya kuruhusu huku ile ya kuzuia ingalipo hakusaidii, kwa sababu katika ngome hii kuzuia hushinda kuruhusu.

Usikipe kivinjari ruhusa ya kupokea yanayoingia. Kusoma kurasa za tovuti hakuhitaji ruhusa hiyo.

Kanuni zikiwa zimevurugika kiasi cha kutoeleweka, ngome ya Windows ina kitufe cha kuirejesha katika hali ya mwanzo. Kanuni zote zilizoongezwa zitafutika, na baadhi ya programu zitaomba ruhusa upya, lakini ulinzi utabaki. Mabaki ya ngome ya zamani huondolewa kwa zana maalumu ambayo watengenezaji wengi huitoa kwenye tovuti zao. Na kanuni ya kuzuia ikijirudia kila unapoifuta, ikague kompyuta yote, kwa sababu huenda kuna programu haribifu inayoiandika.

Kwenye kompyuta ya ofisi au ya shule, mwulize msimamizi kabla ya kugusa chochote. Huenda kizuizi kiliwekwa kwa makusudi.

Je, ni kosa kuizima ngome hata kwa dakika moja? Kama kipimo, inakubalika: izime, fungua tovuti moja unayoifahamu, kisha iwashe mara moja. Usifanye hivyo kwenye mtandao wa hadharani, kama ule wa hoteli au kituo cha mabasi. Tovuti ikifunguka, umejua kuwa ngome ndiyo iliyozuia, na kinachobaki ni kuitafuta kanuni yenyewe.

Mteja wa duka la intaneti naye ana la kufanya. Akiona ngome imezimwa ili kivinjari chake kifanye kazi, aombe iwashwe tena kabla hajaandika nywila yake.