Damu ya Mgonjwa wa Korona Husema Nini?

Mtu anapolazwa hospitalini kwa ugonjwa wa korona, yaani UVIKO-19, kwanza hutazamwa jinsi anavyopumua na kiasi cha oksijeni kilichomo katika damu yake. Kisha damu kidogo huchotwa na kupelekwa maabara. Baada ya muda hurudi karatasi yenye safu za namba. Je, namba hizo zaweza kumwonyesha daktari ni nani aliyemo hatarini? Mwanzoni mwa mwaka 2020, wodi zilipofurika wagonjwa wa maradhi ambayo hakuna aliyepata kuyatibu kabla, swali hilo lilikuwa la uhai na kifo.

Vipimo vitatu

Kipimo cha kwanza ni hesabu ya limfosaiti. Hizi ni aina ya chembechembe nyeupe za damu, na kazi yake ni kuvitambua virusi na kuziangamiza seli zilizokwisha kuambukizwa. Katika mtu mzima mwenye afya, lita moja ya damu huwa na limfosaiti kati ya bilioni 1 na bilioni 4 hivi. Korona inapokuwa kali, idadi hiyo aghalabu hupungua.

Cha pili ni protini iitwayo CRP, ambayo hutengenezwa na ini. Kiasi chake hupanda upesi sehemu ya mwili inapowaka na kuvimba kwa sababu ya maambukizo. Katika korona kali, kinga ya mwili yaweza kupita kiasi ikadhuru hata mapafu ambayo ilipaswa kuyalinda.

Cha tatu ni D-dimeri. Damu inapoganda, huunda wavu wa nyuzi za protini iitwayo fibrini. Mwili ukianza kuuyeyusha wavu huo, vipande vyake huingia katika mkondo wa damu, na D-dimeri ni kimojawapo cha vipande hivyo. Kwa hiyo D-dimeri ikiwa nyingi, yaelekea kwamba mahali fulani damu inaganda na kuyeyushwa. Hata hivyo, huongezeka pia katika uzee, katika ujauzito na baada ya upasuaji.

Habari kutoka Wuhan

Mwezi Machi 2020, jarida la The Lancet lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 191 waliolazwa katika hospitali mbili za mji wa Wuhan, nchini China. Kati yao, 137 walitoka hospitalini wakiwa hai na 54 walifariki. Limfosaiti za waliofariki, kwa kadiri ya katikati, zilikuwa milioni 600 katika lita ya damu. Za walionusurika zilikuwa milioni 1,100.

D-dimeri ilipimwa kwa wagonjwa 172 walipolazwa. Wagonjwa 72 walikuwa na zaidi ya mikrogramu 1 katika mililita ya damu, na 44 kati yao walifariki. Waliobaki, 100 kamili, walikuwa na kiasi hicho au pungufu, na kati yao walifariki 10. Kwa maneno mengine, katika kundi la kwanza walikufa 61 katika kila 100, na katika kundi la pili 10 katika kila 100.

Dalili si hukumu

Tofauti hiyo ni kubwa, lakini hapana budi isomwe kwa uangalifu. Wagonjwa 28 wenye D-dimeri nyingi walipona, na 10 wenye D-dimeri kidogo walikufa. Namba ya maabara huonyesha kiasi cha hatari katika kundi. Haitoi hukumu juu ya mtu mmoja.

Tena, uchunguzi huo uliwahesabu tu wale waliokwisha kutoka au kufariki kufikia tarehe 31 Januari 2020. Waliokuwa bado vitandani hawakuhesabiwa. Aidha, tangu wakati huo chanjo na kinga iliyotokana na maambukizo ya awali zimebadili sana hali ya ugonjwa. Kwa hiyo uwiano wa Wuhan hauwezi kuchukuliwa kuwa ndio uwiano wa wagonjwa wa leo.

Kutoka dalili hadi tiba

Jambo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote: kuijua dalili si kuijua dawa. Kwa kuwa damu ya wagonjwa wengi iliganda, ilifikiriwa kwamba kipimo kikubwa cha heparini, dawa ya kuzuia kuganda, kingewasaidia wote. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba wagonjwa wasio mahututi walinufaika, bali waliokuwa mahututi hawakunufaika.

Deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza mwako wa kinga, ilijaribiwa Uingereza mwaka 2020 kwa wagonjwa zaidi ya 6,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Miongoni mwa waliopumua kwa mashine, vifo katika siku 28 vilipungua kutoka kama 41 hadi 29 katika kila 100. Kwa wale wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Baadaye, katika jaribio la dawa ya tosilizumabu, walichaguliwa wagonjwa wenye upungufu wa oksijeni ambao CRP yao ilifika miligramu 75 au zaidi katika lita. Vifo vilikuwa 31 katika kila 100 kwa waliopewa dawa, na 35 kwa wasiopewa. Hapo kipimo cha damu kilitumika kumchagua mgonjwa wa kupewa dawa.

Hivyo maabara humwonyesha daktari kile ambacho macho hayakioni, na jaribio lililopangwa vema ndilo humwonyesha afanye nini. Mwanafunzi atakayejifunza kutenganisha mambo hayo mawili atakuwa ameshika msingi mmojawapo wa sayansi ya tiba.