Somo la telefone lisilosema: kosa letu, na namna tunavyolitengeneza



Msimu uliopita tuliweka somo la mahindi kwenye mtandao, ili wanamemba wajifunze kwa telefone pasipo kufunga safari mpaka Kolwezi. Kulikuwa na video, picha, na maswali mwishoni. Aliyejibu vizuri alipata cheti, na jina lake likaingia kwenye orodha ya mbegu. Tulifurahia kazi ile. Halafu koperative moja ya upande wa Mutshatsha ikatuletea majina yake, na jina la mtunza feza wao halikuwamo.

Mama yule haoni tangu miaka mingi. Hesabu yote ya koperative iko kichwani mwake: nani alilipa, nani bado ana deni la gunia. Analima mahindi na mihogo pamoja na watoto wake. Sisi kwenye karatasi yetu tuliandika tu: "Hakumaliza somo." Tulipofika kwake hakutugombeza. Alisema: "Mi niko na masikio. Ni telefone yenu ndiyo haisemake."

Basi tuliketi naye chini ya mwembe, telefone mkononi mwake. Telefone nyingi tunazotumia, zile za Android, ziko na programu ya kusoma kwa sauti inayoitwa TalkBack. Haiuzwi, na kwenye telefone nyingi imo tayari. Ukigusa kitu mara moja, inakuambia ni kitu gani. Ukigusa mara mbili haraka, inakifungua. Mama alikuwa anaijua, kijana wake alikuwa amemfundisha. Kumbe shida haikuwa yeye.

Jambo la kwanza: sauti ilikuwa ya Kifaransa. Tuliandika somo kwa Kiswahili, lakini hatukuiambia mashini kwamba ni Kiswahili, nayo ikasoma kama Mfaransa asiyewahi kufika kwetu. Herufi h ilipotea, kwa hiyo mahindi yakawa "maindi", na kila u ikasomwa kwa midomo iliyobanwa. Tulicheka wote. Lakini jaribu kusikiliza nusu saa maneno ya namna hiyo, ukitafuta ndani yake kipimo cha mbolea. Kutengeneza jambo hilo kulitaka alama moja tu kwenye ukurasa, kusema lugha ni Kiswahili.

La pili: picha. Kila alipofika kwenye picha, telefone ilisema "picha", basi. Picha ya nini, haijui, juu hatukuiandikia neno. La tatu, lililotuumiza zaidi, lilikuwa video. Mwalimu wetu anasimama shambani na kusema: "Mnashika jani hivi, mnaangalia hapa, mkiona kama hivi, mnafanya hivi." Mwenye macho anaelewa yote. Mama alisimamisha video na kutuuliza: "Hivi, ni namna gani?"

Hapo tuliona kwamba kuandika upya maneno ya video si kazi ya mtu wa mashini. Ni kazi ya mtu wa shamba. Somo lenyewe lilihusu kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na ambaye leo kila mkulima wa mahindi hapa anamjua. Kwa macho, unamtambua kwa alama ya Y iliyopinduka usoni, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne karibu na mkia. Kwa mtu asiyeona alama hizo hazina faida. Lakini vidole pia vinajua. Ingiza kidole polepole katika moyo wa muhindi, fasi majani mapya yanapotokea. Ukigusa kitu kama unga wa mbao wenye unyevu, hayo ni mavi yake, naye yuko ndani au karibu. Pitisha jani kati ya vidole viwili: likiwa limeliwa vibaya, linakwaruza na kuwa na matundu. Mayai yake yanakaa mafungu mafungu kwenye jani, yamefunikwa na kitu laini kama manyoya. Ukiyapata, yaponde palepale. Wakulima wengi wanatia pia majivu, mchanga au udongo mkavu katika moyo wa muhindi, nayo inasaidia hasa kama kiwavi bado ni mdogo.

Tumerekodi maneno hayo upya. Wanamemba wenye macho wametuambia sasa wanaelewa kuliko zamani, hata wanasikiliza wakiwa wanapalilia, telefone mfukoni. Hatukutegemea hilo.

Maswali nayo yalikuwa na mtego. Tulitoa sekunde 60 kwa kila swali, ili watu wasiulizane majibu. Mtu anayesikilizishwa swali na majibu manne, moja baada ya lingine, sekunde 60 zinaisha kabla jibu la tatu. Tumeondoa saa ile. Swali lingine lilitaka kuvuta picha ya mdudu kwa kidole mpaka kwenye kisanduku chake. Hilo lilimshinda mama, lakini lilimshinda pia kijana mmoja wa koperative ya jirani aliyeumia mikono katika kuchimba. Vidole vyake havishiki vizuri, anagusa kwa kiungo cha kidole. Alikuwa ameacha somo kimya, wala hatukujua. Katika eneo letu la mashimo ya shaba na kobalti, watu wa namna yake si wachache, na wengi wao wanarudia shamba kwa sababu ndiyo kazi iliyobaki. Masharti ya kimataifa ya kurasa za mtandao, yaliyotengenezwa upya mwaka 2023, yanasema wazi: kila kitu kinachofanywa kwa kuvuta kiweze kufanywa pia kwa kugusa tu, na vitufe visiwe vidogo mno. Sasa ni kugusa tu.

Kuko wenzetu viziwi pia, na hapa kazi yetu bado haijafika mbali. Tumeandika maneno chini ya video zote. Ni vizuri kwa aliyesoma, na kwa mtu yeyote aliye karibu na mashine ya kusaga yenye makelele. Lakini viziwi wengi wa vijijini hawakupata shule. Maandishi kwao ni ukuta mwingine. Lugha ya alama inayofundishwa katika shule za viziwi za Kongo ina mizizi katika shule za Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, na ambaye alianzisha shule yake ya kwanza Afrika huko Accra mwaka 1957. Tunataka kurekodi somo kwa lugha hiyo, na mwenye kulionyesha awe kiziwi mkulima, si sisi. Kwa sasa, kama katika koperative yenu kuko kiziwi na mtu wa nyumba yake anayeelewana naye kwa alama zao, warekodini kwa telefone: mwanga uwapige usoni, mikono yote ionekane, pasiwe na watu wanaopita nyuma.

Mtu mmoja alituuliza katika mkutano kama hii yote ni huruma. Hapana. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao kwa upana zaidi. Na ninyi wenyewe, kama koperative, mnafuata kanuni zinazosema mlango uko wazi kwa kila mtu anayekubali wajibu wa umemba, na kwamba elimu na mafunzo ni ya wanamemba wote. Kama mafunzo ndiyo njia ya kupata mbegu, basi anayefungiwa mafunzo amefungiwa mbegu. Ndivyo tulivyomfanyia mama yule.

Sasa yale mnayoweza kufanya kwenu. Kwenye telefone yenye menyu ya Kifaransa, ingieni "Paramètres", halafu "Accessibilité", halafu "TalkBack". Muitie mtu ajaribu na wewe ukiwa karibu, kwa sababu ikishawashwa telefone inabadilika namna ya kuguswa, na wengi wanafikiri imeharibika. Ili kupandisha ukurasa, tumieni vidole viwili. Kuzima ni njia ileile. Kama rezo haifiki kijijini, somo lote la sauti linaweza kuwekwa kwenye kadi ya memori siku moja ya soko, bila kumaliza mega za kila mtu.

Na jambo moja msiliache: mtu asiyeona awe na ekuta zake za masikioni, aguse telefone mwenyewe. Tumeona watoto na majirani wakimjibia mtu maswali, wakifikiri wanamsaidia. Tumeona pia wakimwingizia namba ya siri ya feza za telefone. Namba ile ikishasemwa kwa sauti mbele ya watu, si siri tena, na feza za koperative zinaweza kwenda nayo.

Kuhusu orodha ya mbegu: tumebadilisha sharti. Asiyeweza kumaliza somo kwenye telefone atajibu maswali yaleyale kwa mdomo au kwa alama, mbele ya kamati yake, na cheti ni kilekile. Majina ya msimu uliopita yaliyoandikwa "hakumaliza" tunayapitia moja moja pamoja na kamati, kabla mvua hazijaanza. Kama jina lako au la mwenzako limo, mwambieni mwezeshaji wetu anapopita.

Mama wa Mutshatsha amelimaliza somo jipya. Akatupa kazi nyingine palepale. Katika somo la mbolea, alisema, mnatofautisha gunia la NPK na la urea kwa rangi na maandishi. Akichanganya, anatia urea wakati wa kupanda na NPK mahindi yakiwa yamefika magotini. Tulimuuliza yeye anafanyaje. Anafunga uzi mmoja kwenye gunia la NPK na nyuzi mbili kwenye la urea siku ileile yanapofika, na akiwa na mashaka anashika chembe kidogo kwa mkono mkavu: urea ni ndogo, laini, zinateleza. NPK ni kubwa zaidi na zinakwaruza. Halafu ananawa mikono. Somo la mbolea tutalirekodi upya kwa maneno yake.