Kuku Mwenye Miwani: Mzaha na Fumbo katika Nyimbo za Mombasa

Ukipewa wimbo wa kuchekesha katika swali la fasihi simulizi, usiandike "ucheshi" ukapita. Tazama mistari hii, tuliyoitunga wenyewe kwa ajili ya zoezi:

Kuku wa Kibokoni, ana yai tumboni,
Kavaa miwani, aulizia sokoni.

Kuku havai miwani wala hanunui mayai. Upuuzi huo ni ishara: maana ya juu juu imekataa, kwa hivyo chimba. Ni nani huyo mwenye kitu asichokiona hata kwa miwani? Huenda ni mume anayetafuta nje kilichomo nyumbani kwake. Huenda ni tajiri anayelia ufukara. Jibu liko kwa hadhira, yaani nani ameketi pale wimbo unapoimbwa.

Ndiyo maana fumbo lilistawi sana kisiwani Mombasa. Nyumba za Mji wa Kale zimebanana, na vichochoro vyake ni vyembamba. Jirani ukimtaja kwa jina, umezua uhasama wa koo mbili. Kwa hiyo nyimbo za vugo harusini, za taarabu, na za vyama vya lelemama vya wanawake kama Banu Saada na Ibinaal Watan, vilivyokuwa mahasimu katika karne ya 20, zilitupa vijembe kwa mafumbo. Mlengwa hana pa kushika. Akilalamika, amejivika miwani mwenyewe! Akinyamaza, ukumbi mzima unacheka naye anacheka kwa shida.

Si mambo ya wanawake na harusi pekee, kama wengi wadhanivyo. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, alitumia mafumbo kuzungumzia siasa wakati Wamazrui walipokuwa wakivutana na Sayyid Said wa Oman. Utawala wa Wamazrui ulianguka mwaka 1837. Nyakati hizo, kusema wazi kungeweza kumgharimu mtu zaidi ya urafiki.

Katika jibu lako, taja kwanza lisilowezekana (kuku kuvaa miwani: tashihisi), kisha jazanda inayojengwa, kisha muktadha unaoipa maana. Hatua hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo yenye uzito. Mistari hiyo hiyo ikiimbwa na watoto wanaoruka kamba uani, kuku ni kuku tu, na kilichobaki ni raha ya vina.