Feni ya kutuma nyumbani

Wandugu wa Kashebere, Kongo, tulio Marekani, swali huwa ni moja: tutume feni gani nyumbani? Mimi huuliza kwanza inaenda upande gani. Mashariki ni milima ya Masisi, ambako usiku mtu anatafuta blanketi. Magharibi njia inateremka hadi misitu ya Walikale, kwenye joto na unyevu.

Feni haipozi hewa, inaisukuma tu. Kinachompoza mtu ni jasho lake: upepo ukipita kwenye ngozi, jasho hukauka upesi na kuondoka na joto. Ndiyo maana kuiacha ikizunguka kwenye chumba kitupu ni kuchoma umeme bure, tena mota yake inaongeza joto. Na hewa ikipita nyuzi 40, kama Dallas wakati wa kiangazi, feni inakupulizia moto.

Ya mezani ilianza Marekani miaka ya 1880, kazi ya Schuyler Wheeler. Muongo huohuo Philip Diehl akaipandisha darini. Ya dari hula wati 50 hadi 75 hivi. Ikinguruma bila kuzunguka mpaka uisukume kwa mkono, usiitupe: mara nyingi ni kapasita imechoka, na hiyo ni kifaa cha bei ndogo.

Sasa kosa la kwenye maboksi tunayotuma. Feni ya dukani huku ni ya volti 120, Kongo ni 220. Ukiichomeka bila transfoma, inaungua. Kwa nyumba inayotegemea sola, nunua ya volti 12, inayofungwa moja kwa moja kwenye betri bila inverta.

Lakini Walikale ni nchi ya kasiteriti, madini ya bati, na mchimbaji aliye ndani ya shimo anahitaji hewa kuliko ubaridi. Mapanga ya feni ya mezani hayatoshi: upepo wake hufa ndani ya bomba refu linaloshuka shimoni. Hapo inatakiwa ile ya gurudumu lililofungiwa ndani ya kasha, inayonyonya hewa katikati na kuitupa pembeni kwa nguvu. Kama inaendeshwa na mota ya petroli, mdomo wa kunyonyea ukae mbali na moshi wa mota, upande upepo unakotoka. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na bomba litaipeleka moja kwa moja kwa walio chini.