KIMEA CHA ULEZI KATIKA SUFURIA YA MTOTO



Ukifika Mbozi Mission baada ya mavuno, macho yako yatashiba. Mahindi yamejaa ghalani. Maharage yameanikwa uani. Kahawa iko mbele ya nyumba, migomba iko nyuma, na parachichi zinaanguka chini hata nguruwe wanazichoka. Malori yanapakia magunia Mlowo na Vwawa. Mengine yanakwenda Tunduma na kuvuka mpaka kuingia Zambia. Nani atasema hapa kuna njaa?

Sasa nenda kliniki siku ya kupima watoto. Utamwona mtoto wa miaka miwili mwenye urefu wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Hana homa. Anacheza na kucheka. Lakini ni mfupi kuliko umri wake. Ukimwuliza mama, atakujibu, "Ukoo wetu ni wafupi."

Pengine ni kweli. Lakini uchunguzi wa lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Songwe, watoto zaidi ya 40 katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi namna hiyo. Ukoo mmoja hauwezi kuwa mkubwa kiasi hicho! Kwa nchi nzima, uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 katika kila 100. Hali hii inaitwa udumavu. Mtoto aliyedumaa amekosa chakula cha kutosha na chenye kujenga mwili kwa muda mrefu, au ameugua mara kwa mara, au yote mawili. Si mwili peke yake unaochelewa. Ubongo nao unajengwa katika miaka hiyo hiyo miwili ya kwanza. Mtoto akishapita umri huo, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Je, inawezekanaje mtoto adumae katika nyumba yenye magunia ya mahindi?

Tuanze na tumbo lake. Mtoto mwenye uzito wa kilo 8 ana tumbo linalochukua kama robo lita tu, yaani kikombe kimoja. Mama anampikia uji. Ili mtoto aweze kuumeza, mama anaufanya mwepesi. Anatia vijiko viwili vya unga katika kikombe cha maji. Mtoto anakunywa, tumbo linajaa, anageuza uso. Mama anasema ameshiba. Kweli ameshiba, lakini ameshiba maji. Baada ya muda mfupi njaa inarudi, na mama yuko shambani. Kuanzia Novemba mvua zinapoanza, kazi ya kulima, kupanda na kupalilia ni nyingi, na mtoto anaachwa na dada yake mdogo. Hatapata kitu kingine mpaka jioni.

Mama akiufanya uji kuwa mzito, una chakula cha kutosha, lakini mtoto hawezi kuumeza. Anautema. Basi tunafanya nini?

Dawa ya jambo hili tunayo nyumbani. Ni kimea.

Bibi zetu wanakijua kimea vizuri sana. Wanakitengeneza kwa ajili ya pombe ya ulezi. Wanaloweka, wanafunika, wanaanika, wanasaga. Ni kazi ya siku nne au tano, na hakuna anayelalamika kwa kuwa pombe itanywewa. Lakini ukimwambia mtu afanye kazi hiyo hiyo kwa ajili ya mtoto wake, atakwambia hana nafasi. Hili linafaa tulizungumze wenyewe kwa wenyewe.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilichunguza kimea katika miaka ya 1980. Wataalamu waliona kwamba unga kidogo wa kimea ukitiwa katika uji mzito, uji huo unalainika na kuwa mwepesi wa kunyweka, bila kuongeza maji. Punje ya ulezi inapoota, inatengeneza ndani yake kitu cha kukatakata wanga, ili mche mchanga upate chakula. Kitu hicho hicho kinafanya kazi katika sufuria. Kinaukata wanga wa uji na kuuachia maji yake. Unga uliotiwa haupungui. Hivyo kikombe kimoja cha uji wa kimea kinaweza kuwa na chakula mara mbili au tatu kuliko kikombe cha uji mwepesi wa kawaida.

Kutengeneza kimea si kugumu. Chukua ulezi safi, uupepete na kuondoa mawe. Uoshe, kisha uloweke usiku mmoja katika maji safi. Asubuhi mwaga maji, uutandaze ulezi juu ya kitambaa au gunia safi lenye unyevu, na kuufunika. Unyunyizie maji kidogo asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili hivi utaona vimelea vyeupe. Hapo utoe nje, uanike juani mpaka ukauke kabisa. Ufikiche kwa mikono ili vimelea vikatike, upepete, kisha usage. Ukiona ukungu au ukisikia harufu mbaya, tupa. Usiseme utapungua kwa kupika. Mtama pia hutoa kimea, lakini machipukizi yake yana sumu, kwa hiyo kwa mtoto ni salama zaidi kutumia ulezi.

Sasa tupike. Pima kikombe kimoja cha maji na nusu kikombe cha unga wa dona au wa ulezi. Koroga unga kwa maji baridi kidogo, utie katika maji yanayochemka, pika mpaka uive. Utakuwa mzito kama ugali laini. Usiogope. Tia vijiko viwili vya karanga zilizotwangwa zikawa laini kabisa, upike tena kidogo. Sasa epua. Subiri mvuke mkali upungue, kwa sababu moto mwingi unaua nguvu ya kimea. Lakini usingoje uji upoe. Tia kijiko kimoja kidogo cha unga wa kimea, koroga vizuri, kisha ngoja dakika tano hadi kumi. Utaona mwenyewe: uji uliokuwa umesimama sasa unamiminika! Rudisha jikoni uchemke dakika mbili au tatu. Hatua hii usiiache, maana kimea kilikaa katika unyevu na kinaweza kuwa na vijidudu.

Uji huu ni wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hahitaji. Baada ya hapo aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, na apewe chakula. Wa miezi sita hadi minane apewe mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa apewe mara tatu au nne, na katikati apewe kitu kidogo kama ndizi mbivu au parachichi iliyopondwa. Parachichi ina mafuta mengi, nayo ni laini. Kuwaachia nguruwe wakati mtoto analia ndani ni jambo la kushangaza.

Siku hizi kuna desturi ya kusaga pamoja nafaka na kunde za aina saba, nane, hata kumi, na kuuita unga wa lishe. Watu wanaamini kwamba vitu vikiwa vingi ndipo mtoto anapona. Sivyo. Nafaka moja na karanga au maharage vinatosha. Tena karanga zikisagwa pamoja na nafaka na kuwekwa muda mrefu, unga unaharibika upesi. Ni afadhali kutwanga karanga kidogo kidogo kila unapopika.

Kuhusu karanga na mahindi kuna hatari moja. Vikihifadhiwa vikiwa na unyevu vinaota ukungu, na ukungu huo unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii haionekani kwa macho, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Kwa hiyo kausha mazao juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo. Chambua punje zilizosinyaa, zilizovunjika au kubadilika rangi. Hizo usiwape kuku, wala usizitie katika pombe. Zifukie.

Sasa mahindi yenyewe. Wengi wetu tunapenda sembe nyeupe. Tunapeleka mahindi mashineni yakobolewe, kiini na ganda vinaondoka, tunarudi na unga mweupe. Pumba tunawapa nguruwe. Lakini mafuta na sehemu kubwa ya vitamini na madini ya chuma viko katika kiini na ganda. Ndiyo maana nguruwe wetu wananenepa! Dona haikai muda mrefu kama sembe, ni kweli. Basi saga kidogo, unaoweza kuisha katika wiki mbili.

Watu wazima nao wale vizuri, hasa mama mjamzito na anayenyonyesha. Chakula chake hakihitaji fedha nyingi. Ugali wa dona, maharage, na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga ni chakula kamili. Maharage yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale na utie mengine. Yataiva upesi, kuni zitapungua, na tumbo halitajaa gesi. Mchicha, mnafu, matembele au majani ya maboga yaoshe kabla ya kukata, si baada. Yapike kwa muda mfupi ukiwa umefunika sufuria, na usimwage mchuzi wake. Tia nyanya au kamulia ndimu, maana uchachu wake unausaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharage. Chai inafanya kinyume chake. Inywe saa moja au mbili baada ya chakula.

Chumvi inunuliwe ile yenye madini joto. Zamani katika nyanda hizi za juu kusini watu wengi walivimba shingo kwa ugonjwa wa rovu, kwa kuwa udongo wetu una upungufu wa madini hayo. Ifunike chumvi, iweke mbali na moto, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.

Ukipata dagaa sokoni, wa Ziwa Tanganyika au wa Ziwa Nyasa, waoshe mchanga, wakaange bila mafuta, uwatwange. Kijiko kimoja cha unga wake kinatosha kutia katika uji au mchuzi wa mtoto.

Baba, nawe usome hapa. Wakati wa mavuno wanunuzi wanafika mpaka mlangoni, na fedha ni tamu. Lakini pima hesabu hii. Konzi ndogo ya maharage ya mtoto kwa siku ni kama gramu 30. Kwa siku 365 ni kilo 11. Hazijazi hata debe. Gunia moja la maharage ni kama kilo 100. Kabla lori halijapakiwa, weka debe hilo pembeni, na karanga kidogo, na ulezi wa kimea. Mwambie mama watoto viko wapi, asilazimike kukuomba.

Na mtoto awe na bakuli lake. Akila na kaka zake katika sahani moja, mikono yao mikubwa itamaliza kabla yeye hajameza tonge la pili. Hutajua amekula kiasi gani. Bakuli lake likiwa peke yake, utaona kilichobaki.

Wazee waliokuwa katika madarasa ya kisomo wanakumbuka kampeni ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadili. Kikundi chenu pia kinaweza kuanza na jambo dogo. Kubalianeni kina mama watano. Lowekeni ulezi pamoja jioni ya Ijumaa. Jumatatu au Jumanne utakuwa umeota na kuanikwa. Ukishakauka na kusagwa, gawaneni. Kila mmoja atie wake katika kopo kavu lenye kifuniko, na siku ya kliniki aende na kadi ya mtoto, amwombe muuguzi ampime urefu pamoja na uzito, kisha aandike tarehe aliyoanza kutumia kimea.