Kebo, Mkongo na Kisimbuzi: Biashara ya Televisheni Mwanza na Majina Yake

Neno kebo, kama litumikavyo mjini Mwanza na katika miji mingine iliyo kando ya Ziwa Victoria, lina maana tatu ambazo msemaji hazitenganishi: waya iingiayo nyumbani, kampuni iitandazayo waya hiyo, na vipindi vipitavyo ndani yake. Mtu asemapo kwamba kebo imekatwa, msikilizaji hana budi kuuliza kama waya imeanguka au kama ada ya mwezi haikulipwa. Muungano huu wa maana hautokani na uvivu wa lugha. Ulilingana na biashara yenyewe, kwani mambo hayo matatu yote yalikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Leo kampuni za teknolojia zayatenga, na kadiri zinavyoyatenga ndivyo majina ya zamani yanavyopungukiwa.

Asili ya biashara hii ni mahali penye vilima. Huko Marekani ilianza mnamo mwaka 1948 katika miji ya mabondeni, kama ile ya Pennsylvania, ambako milima ilizuia mawimbi ya televisheni. Antena moja ilisimamishwa juu, na waya zikateremshwa hadi majumbani. Mwanza nayo ni mji wa majabali, na nyumba zake hupanda mawe na kushuka mabondeni. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Mwenye kebo huweka nyungo kubwa mahali pamoja, huyapokea matangazo ya setilaiti, huyaongeza nguvu, kisha huyagawa kwa waya nyumba hata nyumba. Jina la ungo latoka jikoni: chombo cha kupepetea nafaka kimekiazima umbo na jina chombo cha kukingia mawimbi, na hata wale wasemao dishi hulielewa.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza, baada ya ile ya Dar es Salaam kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012. Chombo kipya kikaingia majumbani, nacho kikapewa majina mawili. King'amuzi, kutokana na kitenzi ng'amua, ni kitambuacho jambo. Kisimbuzi, kutokana na simbua, ni kifunguacho kilichofichwa katika msimbo. La pili ndilo sahihi zaidi kwa kazi yenyewe, na ndilo lililoshika nafasi katika maandishi ya serikali. La kwanza bado li hai vinywani mwa watu.

Kampuni za teknolojia zilikuja kwa mlango mwingine. Netflix, iliyofungua huduma zake katika nchi zaidi ya 130 mwezi Januari 2016, Tanzania ikiwamo, haikuhitaji kutandaza waya mitaani Mwanza. YouTube vilevile. Azam Media, iliyoanza na kisimbuzi cha setilaiti mwaka 2013, nayo ikaongeza programu ya simu. Katika mpango huu vipindi huuzwa na mmoja na njia huuzwa na mwingine: mtazamaji hununua kifurushi cha intaneti, au huunganishwa na mkongo, ambao wengine huuita mkonga, jina la pua ya tembo. Huko Marekani YouTube TV, iliyoanza mwaka 2017, hutoa kwa intaneti chaneli zile zile za kebo, na kampuni za kebo zimezidi kutegemea mapato ya intaneti. Njia hiyo yaweza kufuatwa hata Mwanza: mwenye kebo apoteze uchaguzi wa vipindi, abaki na nguzo, njia na wateja awajuao kwa majina.

Kwamba majina si jambo dogo, lilithibitika mwezi Agosti 2018. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizuia kampuni za visimbuzi vya setilaiti vya kulipia kurusha chaneli za nchini zipasazo kuonekana bila malipo, kwa kuwa leseni zao hazikuwa za aina hiyo. Mtazamaji aliyekuwa na ungo juu ya bati alipoteza habari za nchi yake kwa sababu ya mpaka uliowekwa kwa maneno: ya kulipia, isiyo ya kulipia. Mwaka huo huo kanuni za maudhui ya mtandaoni zilileta aina nyingine, televisheni mtandao. Mpaka kati yake na kebo utakuwa mgumu siku waya moja itakapovibeba vyote viwili.

Kwa hiyo wataalamu wa lugha wana kazi iliyo mbele yao. Yafaa kebo libaki jina la waya, mkongo liwe la nyuzi za mwanga, na tendo la kupeleka kipindi kwa intaneti kikitazamwa papo hapo liitwe kutiririsha, kitenzi ambacho watu wa ziwani hawahitaji kufundishwa. Majina ya menyu za simu hutungwa mbali, aghalabu kwa Kiingereza kwanza. Star TV, yenye makao Mwanza, ilionyesha kwamba mji wa ziwani waweza kusema na nchi nzima kwa Kiswahili. Istilahi zikichelewa, mkataba atakaoukubali mteja wa Kirumba kwa kidole kimoja utakuwa na maneno asiyoyajua, naye hatajua ni kipi alichokilipia, njia au kipindi.