Rekodi ya tangazo haitoi sauti? Jaribu haya kabla ya kwenda kwa fundi

Kila tunapotuma tangazo la sauti kwenye vikundi vya WhatsApp vya vijiji, simu za ofisi yetu huanza kulia. "Mmetuma rekodi bubu," wakazi hulalamika. Tukiicheza tena hapa ofisini, sauti ipo. Mara nyingi tatizo liko kwenye simu ya msikilizaji, na wala simu hiyo haijaharibika.

Matangazo haya hurekodiwa kwa ajili ya wazee wetu na yeyote ambaye kusoma kunamsumbua. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 humu nchini. Onyo la kuhama ukingo wa mto likikaa kwenye simu bila kusikika, ni kama halikutumwa.

Anza na kiwango cha sauti. Simu nyingi zina viwango zaidi ya kimoja: mlio wa simu una chake, nazo nyimbo, video na rekodi zina chao. Ndiyo maana simu yaweza kulia hadi jirani akasikia, ilhali rekodi iko kimya. Watu wengi hubonyeza kitufe cha pembeni kabla ya kufungua rekodi, na katika baadhi ya simu hapo huwa wanaongeza mlio tu. Gusa rekodi kwanza ianze kucheza. Ikiwa inaendelea, bonyeza kitufe cha kuongeza sauti na utazame mstari unaopanda kwenye skrini. Kwa simu nyingi za Android, mstari unaohitajika ni ule wenye alama ya noti ya muziki.

Ikiwa kiwango kimefika juu na bado husikii, huenda sauti inatokea kwingine. Zima Bluetooth. Simu iliyowahi kuunganishwa na spika ya sebuleni au redio ya gari hujiunganisha tena yenyewe, na tangazo lako likasikika kwa watu wengine.

Kuna pia kihisi kidogo kilicho juu ya skrini, karibu na pale unapoweka sikio. Kikifunikwa na vumbi, kava au kioo cha kulinda skrini, simu hudhani umeiweka sikioni: skrini inazimika na sauti inahamia kwenye spika ndogo ya kupokelea simu. Pangusa sehemu hiyo kwa kitambaa kikavu, au utoe kava.

Ukiona mshale unaoelekeza chini kwenye rekodi, bado haijaingia kwenye simu yako. Hakikisha una bando, kisha uguse mshale. Ikikataa, huenda nafasi imejaa. Futa video chache za vichekesho (sote tunazo). Ukikawia siku nyingi, rekodi yaweza kukosekana kabisa, basi mwombe msimamizi wa kikundi aitume upya.

Tafadhali usikimbilie kufuta WhatsApp na kuiweka upya. Kama hukuhifadhi nakala ya mazungumzo yako, unaweza kuyapoteza yote pamoja na rekodi za awali. Badala yake, zima simu na uiwashe, kisha ucheze wimbo wowote uliomo. Wimbo ukisikika, spika ni nzima na kasoro iko kwenye rekodi hiyo. Omba itumwe tena. Wimbo nao ukiwa kimya, hapo sasa ni kazi ya fundi. Usimpe nambari yako ya siri ya M-Pesa. Haihitaji ili kutengeneza spika.

Wakati wa tahadhari ya mvua, usingoje simu ipone. Mwombe jirani akuchezee tangazo kwenye simu yake, au fika katika ofisi ya msimamizi wa wadi uelezwe ana kwa ana.